Bahari na Wanaoisoma: Mvuvi, Maabara na Mwalimu wa Pwani

Utangulizi

Hapana kitu kilichoimbwa sana na washairi wa pwani yetu kama bahari, na hapana kitu kilichochelewa kuandikwa katika vitabu vya sayansi vya lugha yetu kama bahari hiyo hiyo. Mtoto wa Unguja, wa Bagamoyo au wa Kilwa hujua kupwa na kujaa kabla ya kujua hesabu ya kuzidisha. Humjua tasi kwa miiba yake na pono kwa meno yake. Lakini afikapo sekondari hufundishwa mambo hayo kwa lugha nyingine, kana kwamba bahari ya darasani si ile iliyomlea.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya utafiti wa bahari uliofanywa katika pwani yetu, hasa kutoka katika maabara ya Unguja, na kutazama jinsi elimu iliyopatikana huko ilivyowafikia, au ilivyoshindwa kuwafikia, wananchi waishio kwa bahari. Mwandishi si mtaalamu wa sayansi. Ni mtumishi wa serikali aliyekaa pwani miaka mingi, na aliyapenda mashairi kabla ya kupenda mafaili. Hata hivyo historia ya elimu ni sehemu ya historia ya utamaduni, na jambo la utamaduni ni letu sote kulisema.

Elimu iliyotangulia maabara

Wahenga walisema: mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Methali hii hutumika kwa mambo mengi, lakini asili yake ni neno la kweli. Kabla ya kuwapo kwa maabara yoyote katika Afrika Mashariki, watu wa pwani walikuwa na elimu ya bahari iliyopangwa, yenye istilahi zake na walimu wake.

Walijua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kwamba ukubwa wa kujaa huko hufuata mwezi. Siku zifuatazo mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua, maji yakaenda mbali na kurudi juu. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Katika pwani ya Unguja tofauti baina ya maji makuu na maji madogo wakati wa bamvua hufikia kadiri ya mita 4. Basi mwanamke aendaye kuokota chaza, au kijana aendaye mwambani kwa pweza, hakuhitaji kalenda ya ukutani, alitazama mbingu.

Hali kadhalika walijua pepo. Kusi likivuma, kuanzia kadiri ya Aprili, bahari huchafuka na mkondo huenda kasi kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia, mwishoni mwa mwaka, mkondo hulegea na wavuvi huthubutu kwenda mbali. Ama miti ya mikoko, kila mmoja ulikuwa na jina na kazi yake: mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mkomafi. Zana za kuvulia nazo zilikuwa nyingi: dema kwa mahali penye majani, mshipi kwa maji marefu, jarife kwa papa, uzio kwa maji ya kupwa.

Elimu hii ilikuwa na upungufu wake. Haikuandikwa, ilibaki katika kijiji kimoja au ukoo mmoja, na haikuwa na njia ya kupima mabadiliko yanayokwenda polepole kuliko umri wa mtu. Mzee aweza kusema kwamba samaki wamepungua. Hawezi kusema wamepungua kwa kiasi gani. Hapo ndipo sayansi ya maabara ilipokuwa na la kuongeza.

Tangazo la pauni 100

Kisa kimoja cha mwaka 1952 kinafundisha mengi kuhusu uhusiano wa mtaalamu na mvuvi. Mwezi Desemba mwaka 1938, katika mji wa East London huko Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alimwona katika shehena ya meli ya uvuvi samaki wa ajabu mwenye mapezi kama viungo. Profesa J. L. B. Smith alimtambua kuwa ni silikanti, jamii ambayo wataalamu waliamini kwamba ilikwisha kutoweka duniani tangu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Samaki yule aliharibika viungo vya ndani, na Smith akakaa miaka 14 akimtafuta wa pili.

Katika kumtafuta alichapisha tangazo lenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100, akalieneza katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangazo liliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Msomaji na atazame vyema: lilikuwa tangazo la kuwaomba wavuvi wa pwani hii msaada, na Kiswahili, lugha ya wengi wao, hakimo.

Mwaka huo wa 1952, Smith na mkewe Margaret walipokuwa Unguja, nahodha mmoja mfanyabiashara aitwaye Eric Hunt alikutana nao, akachukua matangazo hayo kuyapeleka Visiwa vya Ngazija, ambako alikuwa akifanya biashara. Mwezi Desemba mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Nzuwani alimvua samaki mkubwa usiku. Asubuhi alimpeleka sokoni Domoni ili akatwe vipande na kuuzwa. Aliyeuzuia mkono wenye kisu hakuwa profesa wala nahodha, bali mwalimu wa shule, Affane Mohamed, aliyekwisha kuliona tangazo na kumkumbuka samaki wa pichani. Samaki akabebwa kuvuka milima hadi Mutsamudu alikokuwa Hunt, na Smith akaja kwa ndege ya jeshi kumchukua.

Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba samaki aliyepotea amepatikana. Lakini wavuvi wa Ngazija hawakumpoteza kamwe. Walimvua mara kwa mara na walimwita kwa jina lake, gombessa. Kilichopatikana mwaka 1952 ni daraja baina ya elimu mbili, na daraja hilo alikuwa mwalimu.

Nusu karne baadaye, mwaka 2003, silikanti alinaswa katika maji yetu wenyewe, karibu na Songo Mnara huko Kilwa. Na tangu mwaka uliofuata wakanaswa wengi katika majarife ya wavuvi wa Tanga. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Silikanti Tanga.

Kutoka Shirika hadi Taasisi

Maabara ya kwanza ya bahari yenye kuhudumia nchi zetu kwa pamoja iliwekwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, nayo ilikuwa Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki. Lilikuwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni, na baadaye likawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967.

Kazi yake ilikuwa kutafuta samaki wako wapi, ni wa aina gani, na maji wanamoishi yana tabia gani. Mwaka 1957 mtaalamu B. S. Newell alitoa taarifa ya awali juu ya mikondo na hali ya maji ya pwani yetu. Taarifa za namna hiyo zilieleza kwa vipimo jambo ambalo manahodha walilijua kwa mwili: kwamba mkondo wa pwani huenda kaskazini mwaka mzima, ukiwa na nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi, kwa kuwa upepo wa kaskazi huupinga.

Kazi ile haikuwa ndogo. Lakini utafiti wa wakati huo uliandikwa kwa ajili ya maofisa na wataalamu wenzao. Mvuvi alikuwa mtu wa kuulizwa alivua nini, wala hakuwa mtu wa kurudishiwa jibu.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Shirika nalo likafa pamoja nayo, na kila nchi ikabidi ijitazame. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja, ikarithi makao yaliyoachwa na Shirika upande wa bahari wa Mji Mkongwe. Kenya ilianzisha taasisi yake yenye makao Mombasa mwaka 1979, na Tanzania ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi kwa sheria ya mwaka 1980. Hivyo mama mmoja alikufa, akaacha watoto kadhaa. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba watoto hao walianza kuwa na wataalamu waliozaliwa katika nchi hizi, waliojua kuuliza habari bila mkalimani.

Kazi ya ufukweni: mfano wa Chwaka

Watu wengi wakisikia neno maabara hufikiri chupa na darubini. Maabara ya bahari ina vitu hivyo, lakini nusu ya kazi yake hufanyika tope likiwa magotini. Mfano mzuri ni Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, ambayo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi kuliko sehemu nyingi za pwani yetu. Ni ghuba ya maji mafupi, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 50, iliyozungukwa na mikoko upande wa kusini na yenye majani ya bahari ya aina zisizopungua 10.

Mtafiti hungoja bamvua. Maji yakipwa, hunyoosha kamba ya kupimia kutoka ufukweni kuelekea mwambani, na kila baada ya hatua kadhaa huweka chini fremu ya mraba. Ndani ya fremu huhesabu majani, hupima urefu wake, huandika konokono na nyota za bahari waliomo. Sampuli hukusanywa, huoshwa, hukaushwa katika joko na kupimwa uzito. Wengine huketi dikoni, wakipima urefu na uzito wa kila samaki ashukaye katika ngalawa. Kazi hii hurudiwa mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka, kwa kuwa kipimo cha siku moja hakisemi lolote. Samaki wa leo huweza kuwa wengi kwa bahati. Samaki wa miaka kumi hawana bahati, wana sababu.

Kutokana na kazi hiyo ilidhihirika kwamba majani ya bahari, ambayo wataalamu wengi wa zamani waliyapita wakikimbilia matumbawe, ndiyo shamba lenyewe la Chwaka. Tasi na pono wanaoingia katika dema hukulia na kulishia humo. Majani huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Yakikwanguliwa na nyavu za kukokota, dema hurudi tupu. Ndiyo maana ugomvi mkali uliwahi kutokea katika ghuba hiyo baina ya watega dema na wavuta nyavu. Kila upande ulidai haki ya riziki, na wote walikuwa na watoto wa kulisha. Sayansi haikuweza kuwapatanisha peke yake, lakini iliwapa jambo la kuzungumzia lisilokuwa matusi.

Mwaka 2012 kilitolewa kitabu kikubwa juu ya watu, mazingira na utafiti wa Ghuba ya Chwaka, kilichohaririwa na Maricela de la Torre-Castro na Thomas Lyimo. Ni kazi ya kujivunia. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na mtega dema ambaye maisha yake yamo ndani ya kurasa zile hawezi kuzisoma. Tangazo la pauni 100 bado halijapata tafsiri yake.

Mwani na wanawake wa mashariki

Mfano wa pili ni mwani. Kwa miaka mingi watu wa pwani waliokota mwani uliotupwa na mawimbi au ulioota wenyewe mwambani, wakauuza kwa wafanyabiashara waliousafirisha ng'ambo. Ndani yake hutolewa utomvu wa kugandishia vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitokeza tangu miaka ya 1970 kueleza kwamba mmea huu waweza kulimwa badala ya kuokotwa tu. Majaribio yalifuata, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza katika vijiji vya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino.

Waliokikamata kilimo hiki walikuwa hasa wanawake. Walichimbia vigingi, wakafunga kamba, wakaning'iniza vipande vya mwani, na baada ya kadiri ya wiki sita wakavuna na kuanika. Kwa wengi hizo zilikuwa fedha za kwanza kuzishika mkononi mwao wenyewe. Walilipia ada za watoto, wakaezeka bati, wakanunua vyombo. Katika historia ya pwani yetu ni mara chache utafiti wa chuo kikuu ulibadilisha nyumba za watu upesi namna hiyo.

Lakini maji yakijaa hupwa. Aina ya mwani yenye bei kubwa zaidi, iitwayo kotonii, haivumilii joto. Tangu miaka ya 2000 wakulima waliona matawi yakigeuka meupe, yakilainika na kukatika. Maji mafupi ya ufukweni yalikuwa yamepata joto kupita kiasi chake. Mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alikuwa miongoni mwa waliolifuatilia jambo hili pamoja na wakulima wenyewe. Zilijaribiwa njia za kupanda katika maji marefu zaidi, kwa kamba zieleazo na nyavu za mfano wa mfuko mrefu. Hapo likazuka tatizo ambalo halimo katika kitabu chochote cha elimu ya mimea: wengi wa wanawake hao hawakujua kuogelea. Dawa ya mwani ikawa kwanza ni kufundisha watu wazima kuogelea na kuendesha chombo. Aidha, tangu mwaka 2006 umekuwapo mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara, na wanawake wa Kidoti na kwingineko wamejifunza kutengeneza sabuni ya mwani, ili wasiuze mali ghafi tu kwa bei ya chini.

Funzo lake ni dhahiri. Mahali mtafiti alipokaa na mkulima, alijua tatizo lilipo. Mahali alipotuma karatasi, hakulijua.

Kumbukumbu za mkutano

Hapa mwandishi anaomba ruhusa ya kueleza jambo lake mwenyewe, maana si haki kuwalaumu wengine na kujisahau.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa karani kijana, na nilitumwa kuandika kumbukumbu za mkutano katika kijiji kimoja cha pwani. Mtaalamu mgeni alikuja kueleza sababu za kufunga sehemu ya bahari kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane. Alisema kweli tupu. Lakini alisema kwa Kiingereza, na mkalimani, ambaye hakuwa mtu wa pwani, alitafsiri majani ya bahari kuwa nyasi. Vijana walicheka. Wazee walinyamaza. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyeinua mkono. Nikaandika kwa hati nzuri: "Wananchi walielimishwa. Hapakuwa na maswali."

Tulipokuwa tukielekea kwenye gari, mzee mmoja alinishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, mbona hamkutuuliza sisi dema tunazitega wapi?" Nilimjibu, "Nitalifikisha, babu." Sikulifikisha. Mkutano ulikwisha kufungwa, na kumbukumbu zilikwisha kuandikwa. Sehemu ile ilifungwa kwa karatasi tu, na msimu haukuisha kabla ya nyavu kurudi.

Nimeiona sentensi ile mara nyingi katika mafaili ya ofisi mbalimbali. Kila niionapo hufahamu kwamba maswali yalikuwapo, hayakupata mlango.

Wajibu wa mwalimu na mwanafunzi

Tangu siku zile mambo mengi yamebadilika kwa wema. Katika kisiwa cha Chumbe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, maelfu ya wanafunzi wa shule za Zanzibar wamepelekwa kuona matumbawe kwa macho yao, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakawa walinzi na waelezaji wa mwamba waliokuwa wakiuvua. Watafiti wengi wa leo ni watoto wa pwani, wanaozungumza na wavuvi kwa lugha moja na kujua kwamba nyasi si majani ya bahari.

Lakini kazi haijaisha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya walimu. Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu wa bayolojia aliye karibu na bahari anayo maabara isiyohitaji ufunguo. Kamba yenye mafundo, fremu ya vijiti vinne, daftari na siku ya bamvua vyatosha kuanza. Mwalimu wa Kiswahili naye ana kazi: kuwatuma wanafunzi kwa babu na bibi zao wakusanye majina ya samaki, ya miti, ya pepo na ya nyakati za maji, kabla hayajazikwa pamoja na wenyewe. Daftari hizo mbili, la vipimo na la majina, zikae katika kabati moja. Wanafunzi wa mwaka ujao wapime mahali pale pale, wauandike wao ukurasa ufuatao. Baada ya miaka 10 shule hiyo itakuwa na jambo ambalo hata maabara kubwa italihitaji.

Mwandishi anamaliza kwa ubeti mmoja aliouandika baada ya kustahi kwake kwa muda mrefu kulijibu swali la yule mzee:

Bahari ina kurasa, kwa kupwa hufunuliwa,
Mvuvi hakuzikosa, japo hakuandikiwa,
Na maabara ya sasa, kwa vyombo imejaliwa,
Mmoja akijitosa, peke yake hupotewa.

Affane Mohamed hakumvua silikanti wala hakuandika kitabu juu yake. Aliisoma karatasi, alimtazama samaki, akasema neno kwa wakati wake. Mwalimu wa pwani haombwi zaidi ya hayo, na bila hayo elimu ya maabara itabaki maabarani, na elimu ya mvuvi itazikwa naye.